Tupeane uzoefu: kuifikia kompyuta ya nyumbani ukiwa kwenye kompyuta ya kazini iliyofungwa

Mweka Hazina, Langoni

Assalaam aleikum ndugu zangu. Naishi Amu (Lamu mjini), Langoni, na ofisi yangu iko Mokowe, kwa hiyo kati yangu na nyumbani kuna bahari. Mimi ndiye mweka hazina wa chama chetu cha akina mama, na daftari lote la michango limo kwenye kompyuta ya mezani nyumbani.

Mwezi uliopita mwenzetu alilazwa ghafla. Wenzangu wakanipigia saa nne asubuhi, wanataka kujua akiba yake ni kiasi gani ili atolewe pesa mapema. Sikuwa na jibu. Kompyuta ya ofisini imefungwa: huwezi kuweka programu bila paswadi ya msimamizi, flashi haisomi, tovuti nyingi zinakataa. Nikaomba ruhusa, nikashuka gatini, nikavuka, nikasoma hesabu, nikarudi. Nusu siku ilikwenda, na mgonjwa wetu anangoja. Bado linanikaa rohoni.

Waliowahi kuifikia ya nyumbani wakiwa kazini, mlipita wapi na mlikwama wapi?

Fundi wa Maweni

Wa aleikum salaam dada, na mgonjwa wenu Mungu amuafu. Swali lako huletwa sana dukani kwangu hapa Malindi, na mimi mwenyewe nilianza kwa kukosea.

Nilitaka kutumia Remote Desktop, njia ya Windows yenyewe ya kuiendesha kompyuta kwa mbali. Kwanza nikagundua kompyuta yangu ni Windows Home, na hiyo inaweza kwenda kwa wengine lakini yenyewe haipokei mgeni. Inayopokea ni Pro. Nikabadilisha. Kisha nikafungua poti 3389, mlango ambao Remote Desktop hupokelea wageni, kwenye ruta, nikahangaika siku mbili, hakuna kitu. Sababu ilikuwa intaneti yangu ya simu: kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, kwa hiyo ukibisha hodi kutoka mbali, hodi haifiki kwako. Ruta yako unaweza kuifungua mpaka uchoke.

Baadaye nilimshukuru Mungu kwamba ilishindikana. Mteja wangu mmoja mwenye anwani yake mwenyewe aliifungua poti hiyo, na baada ya siku chache rekodi za Windows zilijaa wageni waliokuwa wakijaribu paswadi usiku kucha. Mei 2019 Microsoft ililazimika kutoa kiraka cha tundu la Remote Desktop hata kwa Windows XP, ambayo ilikwishaacha kuihudumia. Ndiyo maana nawaambia wateja wangu: 3389 isifunguliwe barabarani, kamwe.

Kilichonifaa ni Chrome Remote Desktop. Kompyuta ya nyumbani ndiyo inayotoka kwenda kwa seva ya Google, na wewe unatoka upande wako, mnakutana huko. Anwani ya pamoja haizuii tena. Huku uliko hakuna cha kuweka, unaingia kwa kivinjari na namba ya siri ya tarakimu sita au zaidi. Huanza kwa trafiki ya kawaida ya tovuti salama, poti 443, ile ile ya tovuti za benki na barua pepe, ingawa huweza kutumia poti nyingine pia. Ila ofisi nyingi zimeizuia kwa jina, na zinayo haki. Ukikuta imezuiwa, ishia hapo hapo.

Mhasibu, Watamu

Neno hilo la mwisho la fundi nalitilia mkazo, maana mimi sikuishia hapo.

Nilikuwa hoteli moja ambayo sitaitaja. Tovuti zilizuiwa, nikaja na AnyDesk, programu nyingine ya kuendesha kompyuta kwa mbali, ile isiyohitaji kuwekwa, nikajitumia kwa barua pepe, nikaifungua. Ilifanya kazi wiki mbili. Siku ya kufunga hesabu za mwezi nikaitwa ofisini kwa meneja. Mafundi wao waliona kompyuta ya uhasibu inaongea na kompyuta ya nje kila siku saa saba mchana. Walikuwa na haki ya kudhani ni mwizi: kompyuta ile ilikuwa na pasipoti za wageni, namba za vyumba, malipo. Ilichukuliwa siku tatu ikapekuliwa, na mimi nikaandikiwa barua ya onyo. Nilimwambia meneja ni faili zangu tu za nyumbani. Akaniuliza, "Na sisi tutajuaje?" Sikuwa na jibu, na hadi leo naona swali lake lilikuwa la haki.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilipoomba rasmi baadaye, kwa karatasi ya ukurasa mmoja, nilijibiwa ndani ya wiki. Kompyuta ya kazi: hapana. Simu yangu, kwa bando langu, wakati wa mapumziko: ndiyo.

Niliyekuwa Upande wa Kufunga

Nilikuwa msimamizi wa mitandao kabla ya kurudi nyumbani Malindi. Wenzangu, kufuli lile haliwekwi kwa chuki. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, taarifa za wateja zikivuja ni shirika litakalowajibika. Na kuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2018, inayogusa kuingia mfumo bila idhini. Kifaa ni cha mwajiri, na idhini ni yake kutoa.

Jambo la pili ni zito kuliko hilo. Programu hizi hizi za kuendesha kompyuta kwa mbali ndizo matapeli wanazotumia. Mtu anapiga simu, anasema ni wa benki au wa Microsoft, anamwomba mama yako asome zile namba kwenye skrini. Akizisoma, kompyuta si yake tena. Tafadhalini, mkiweka programu hii nyumbani, waambieni watu wa nyumbani: namba hizo hazisomewi mtu kwa simu, awe nani. Na akaunti ya Google iwe na uthibitisho wa hatua mbili, kwa sababu anayeipata akaunti amekaribia sana kuipata nyumba.

Kijana wa Shela

Mimi kwetu Lamu tatizo ni stima. Ikikatika, kompyuta inazima, ikirudi haiwaki yenyewe, na nyumbani hakuna mtu. Ingia BIOS, ile mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa inapowaka kabla ya Windows, tafuta mpangilio wa stima ikirudi, uweke iwake. Uzime pia usingizi, maana ikilala haikusikii. Na ruta iwe chumba kimoja na kompyuta, kwa waya. Kuta zetu za mawe ya matumbawe ni nene, waifai haipenyi.

Fundi wa Maweni

Dada, nimelisoma tena swali lako. Wewe unahitaji kompyuta, au unahitaji daftari? Kama ni jedwali la michango peke yake, liweke Google Drive, lifungue kwenye simu. Kuiendesha kompyuta nzima kwa mbali kuna maana pale programu yenyewe iko nyumbani tu na haihamishiki.

Mweka Hazina, Langoni

Nawashukuru nyote, na mgonjwa wetu yuko nyumbani sasa, alhamdulillah.

Fundi, ni vyote viwili. Jedwali nimelihamisha, wanachama wawili wanaliona pamoja nami, na hilo limeniondolea mzigo, kwani hata nikiugua mimi hesabu zitapatikana. Lakini risiti zote za zamani nilizipiga skani ndani ya programu iliyo nyumbani tu, kwa hizo nimeweka Chrome Remote Desktop, naingia kwa simu. Ofisini nilimwandikia mkuu wangu kama alivyofanya ndugu wa Watamu. Amekubali simu, saa ya chakula. Kompyuta ya ofisi sijaigusa.

Skrini ya simu ni ndogo na kidole kinabonyeza kisichotakiwa, ila kusoma risiti inatosha. Kijana wa Shela, ule mpangilio wa BIOS nimeuweka. Juzi mchana stima ilikatika Amu nzima. Jioni nikingoja boti Mokowe nilifungua simu, nikaikuta kompyuta imeshawaka, inaningoja niandike paswadi.