Masomo mafupi ya Kituruki yanamfikisha wapi anayekwenda Istanbul kununua nguo?

Muuza Nguo wa Kariakoo

Wanajukwaa, salaam. Ninauza nguo za jumla Kariakoo, na sehemu kubwa ya mzigo wangu huufuata Istanbul, katika mitaa ya Laleli na Merter. Kwa muda mrefu nimemtegemea mkalimani ambaye ninamlipa mimi, ila dalili zinaonyesha kuwa na mwenye duka naye humpa chake, na ndiyo sababu nimeamua kujifunza lugha mwenyewe. Ninatumia masomo mafupi ya sauti, ya dakika kumi hivi kila moja, ambayo huyasikiliza nikiwa ndani ya mwendokasi. Kuuliza bei kwa *bu ne kadar?* na kuomba punguzo kwa *indirim var mı?* si tatizo tena. Tatizo ni kwamba muuzaji akianza kujibu simwelewi, na hatimaye tunarudi kuonyeshana tarakimu kwenye kikokotoo. Je, masomo ya namna hii yana uwezo wa kunivusha hapo, au nitafute darasa?

Msafirisha Mizigo, Aksaray

Dada, hongera kwa uamuzi huo. Masomo mengi mafupi humfundisha msafiri kuuliza na kumwacha hapo, ilhali majibu ya muuzaji wa Laleli si mengi kiasi cha kutisha. Ukimuuliza bei, yeye naye karibu kila mara atakuuliza *kaç seri?*, yaani seri ngapi, maana wauzaji wa jumla wa huku hawatoi nguo mojamoja bali fungu lenye saizi zote za mtindo mmoja, ambalo wenyewe huliita *seri*. Baada ya hapo atataka kujua rangi gani, *hangi renk?*, au saizi gani, *hangi beden?*, na mwishoni kama unalipa taslimu, *nakit mi?* Akisema *son fiyat*, hiyo ndiyo bei ya mwisho, angalau kwa dakika hiyo. *Perakende yok*, maneno utakayoyaona hata kwenye vibao vya milangoni, maana yake ni kwamba hawauzi rejareja. Ukichukua kila somo ukaliongezea majibu mawili au matatu ya duka halisi, utakuwa umejitengenezea kozi ambayo hakuna aliyekuandalia.

Jambo jingine ni kasi. Sauti ya kwenye masomo ni safi kupita kiasi, ilhali mtaani *bir* husikika kama *bi*, na *ne yapıyorsun*, yaani unafanya nini, hubanwa ikawa *napıyosun*. Tamthilia za Kituruki tunazozitazama nyumbani zikiwa zimetiwa sauti za Kiswahili, zitafute katika sauti yake ya asili, usikilize kipande kimoja mara kadhaa badala ya kukimbilia kisa.

Wala usiingie dukani kwa kuanza na bei. Anayemkuta mwenzake kazini humwambia *kolay gelsin*, nayo ndiyo pole na kazi yetu. Mwanamume anayekuzidi umri kidogo mwite *abi*, na mwanamke *abla*. Na mtu akiinua nyusi huku akializa ulimi, usidhani amekudharau: amekujibu hapana tu.

Mwalimu wa Lugha, Mombasa

Ninakubaliana na ndugu wa Aksaray kuhusu kuzoeza sikio, lakini ningemshauri dada asiige matamshi ya mtaani mapema. Ayaelewe kwanza, na kinywani mwake abaki na yale ya kwenye masomo, kwa kuwa mgeni anayebana maneno kabla hajayajua huishia kutoeleweka.

Nionavyo mimi, upungufu mkubwa wa masomo mafupi ni kwamba humkaririsha mtu sentensi nzima bila kumwonyesha viungo vyake, na hapa sisi wazungumzaji wa Kiswahili tuna faida ambayo hatuitumii. Tunaposema *hatutakuja*, tumekwisha kutaja ukanushi, mtenda na wakati ndani ya neno moja. Mturuki naye husema *gelmeyeceğiz*: *gel* ni kuja, *me* ni ukanushi, kipande kinachofuata ni wakati ujao, na *iz* ya mwisho ni sisi. Tofauti ni kwamba sisi tunavipanga viambishi hivyo mbele ya mzizi, naye anavipanga nyuma. Kwa hiyo sikio lililozoea kudaka habari mwanzoni mwa neno sharti lifundishwe kusubiri mwisho wake, na huenda hiyo ndiyo sehemu ya majibu inayokupotea. Hata mabadiliko ya irabu, yanayowatoa jasho wengi, si mageni kwetu: kama tusemavyo *pikia* lakini *somea*, wao husema *evler* kwa nyumba nyingi lakini *kitaplar* kwa vitabu.

Herufi hazitakusumbua, kwani tangu mwaka 1928 Kituruki huandikwa kwa hati ya Kilatini, na kila herufi ina kazi yake. Kumbuka tu kwamba *c* yao ni *j* ya jambo, na *ş* ni *sh*. Jihadhari zaidi na saa. *Saat yedi* asubuhi ni saa moja yetu, na mwenye kuahidiana na dereva wa mizigo bila kulijua hilo atapishana naye. (Waturuki wenyewe zamani walianza kuhesabu saa jua linapotua, mpaka walipoacha mwaka 1926, kwa hiyo hesabu yetu isingewashangaza mababu zao.)

Muuza Nguo wa Kariakoo

Nawashukuru sana. Mwalimu, nimelisikiliza tena somo la jana kwa kufuata mwisho wa maneno, na kweli kuna nilichokuwa nikikiacha. Bado bei zinatajwa upesi mno. Na suala la darasa mnalionaje?

Mwanafunzi, Ankara

Shikamoo dada. Mimi nilipitia mwaka mzima wa maandalizi ya lugha TÖMER, kituo cha Chuo Kikuu cha Ankara, kwa sababu nilikuja kusoma. Anayekuja kununua nguo hahitaji safari ndefu hivyo. Ningeweka fedha hiyo kwa mwalimu wa kuzungumza naye kwa simu, saa moja kwa wiki, akiigiza muuzaji.

Kuhusu bei, jifunze namba kwa kusikia, usianze kwa kuzihesabu kwa mpangilio. Mtu anayezijua kuanzia moja hadi mia kwa mfuatano bado huchanganya *altmış*, ambayo ni 60, na *yetmiş*, ambayo ni 70. Namba zao hazina *na* katikati, na mia moja au elfu moja haitajiwi moja: 1,250 ni *bin iki yüz elli*. Nusu inayofuata namba ni *buçuk*, kwa hiyo ukitajiwa *on iki buçuk dolar*, umeambiwa dola 12 na nusu, na Laleli bei za dola ni za kawaida. Mwombe mtu akurekodie bei hamsini ovyoovyo, uziandike kwa tarakimu bila kusimamisha sauti.