Naandika historia fupi ya Mpwapwa, vitabu vya zamani vinanichanganya. Naomba mwongozo

Mwalimu wa Zamu
Mbukwenyi wakuu.

Mimi ni mwalimu, mwenyeji wa Mpwapwa, mkoani Dodoma. Wafanyabiashara wa sokoni wamenipa kazi: kurasa mbili za historia ya mji, zibandikwe ukutani ofisini kwao. Nikakubali nikidhani ni kazi ya Jumamosi moja. Hii ni wiki ya tano.

Nimesoma safari ya Stanley, yule mwandishi wa gazeti aliyekuwa akimtafuta Livingstone, aliyefika hapa Mei 1871. Anausifia mji hadi unaona aibu: maziwa mabichi na ya mgando, mayai, asali, samli, maboga, matikiti. (Analalamikia vidudu vyenye mkia kama koleo vilivyojaa hemani mwake. Hivyo bado tunavyo.) Nikahamia kamusi ya makoloni ya Wajerumani iliyohaririwa na gavana Schnee. Imechapishwa 1920, ipo mtandaoni. Nimetafuta "Mpwapwa", hakuna kitu. Nikifika vitabu vya Waingereza, kila mtu anaongelea Dodoma, ambayo kwa Stanley sikuiona kabisa, ingawa Bihawana nimeiona!

Halafu kuna matusi. Wazungu hawa wanawaita Wagogo, wenyeji wa huku, wanyang'anyi. Niyaweke ukutani yasomwe na wajukuu wao wakiwa wanauza vitunguu?

Fundi Ramani
Mwalimu, tafuta "Mpapua". Ndivyo Wajerumani walivyoandika. Kila jina jaribu tahajia tatu nne, maana kila mgeni aliandika alichosikia kwa mpagazi wake, na mpagazi mara nyingi alikuwa Mnyamwezi, si Mgogo.

Na usidanganywe na huo mwaka 1920. Ile kamusi iliandaliwa kabla ya vita ya 1914, vita ndiyo iliyochelewesha uchapaji. Ukiandika "mwaka 1920 Mpwapwa ilikuwa hivi" utakuwa umewapa Waingereza mji wa Wajerumani. Hiyo 1920 ni tarehe ya mashine ya kuchapa tu.

Binti Kibakwe
Suala la sifa za Stanley ni jepesi ukiangalia njia yake. Alikuwa ametoka mabondeni kwenye mvua na homa, mbele yake kuna nyika ya Marenga Mkali isiyo na maji ya kunywa. Mpwapwa ndiyo ilikuwa mahali pa kupumzika na kununua chakula cha kuvukia. Mtu wa namna hiyo hata boga analiona pilau. Akitoka hapo anafika Chunyu, yeye anaandika Chunyo, saa tatu na nusu kwa mguu, na anasema maji yake ni mabaya kabisa. Jina lenyewe si linasema? Chunyu ni chumvichumvi. Na "Marenga" ni "malenga", kwa Kigogo ni maji. Mzungu amepita siku mbili tatu, sisi jina limeshatueleza tangu zamani.

Mzee wa Gulwe
Kijana wangu, kwa nini Dodoma ikakua? Jibu lipo hapa kwetu Gulwe. Reli ilianza Dar es Salaam 1905, ikafika Kigoma 1914, na ilipopita upande huu ilipita Gulwe ikaenda Dodoma, haikupanda Mpwapwa. Misafara ya miguu ikafa, mzigo ukahamia stesheni. Mji uliokuwa kituo cha kila msafara wa njia hii ukawa mji wa pembeni. Hiyo weka katikati ya ukurasa, kwa herufi kubwa.

Weka na 1889. Watu wa Bushiri, yule aliyewapinga Wajerumani pwani, walikuja mpaka hapa wakakiteketeza kituo cha Wajerumani, kamanda wao Wissmann akaja kujenga ngome mwaka huohuo. Watoto wanafikiri Bushiri ni habari ya Pangani tu.

Mnada wa Jumamosi
Kuhusu matusi: yaweke, ila weka na hongo pembeni yake, yaani ule ushuru wa kupita, si rushwa. Ugogo maji ni ya kuchimba na kutunza. Msafara wa mamia ya watu unakuja kunywa kisima cha mtu wakati wa kiangazi, mtemi anadai doti kadhaa za vitambaa vya merikani na kaniki. Mgeni anaandika "wizi". Mimi nikiegesha gari stendi nalipa ushuru, sijawahi kuandika kitabu kuitukana halmashauri. (Ingawa nimefikiria.)

Mwalimu wa Zamu
@Mnada umenichekesha hadi mama watoto ameuliza kuna nini.
Na wazee je? Nikiwaambia "nielezeni historia" wananipa mwaka 1961 na uhuru, basi.

Binti Kibakwe
Usiwaulize historia. Waulize mnada ulikuwa wapi, ng'ombe walinyweshwa wapi, nani alikuwa na duka la kwanza la bati. Wakikosa mwaka, uliza kama ni kabla au baada ya Mtunya, ile njaa kubwa ya mwisho wa vita ya kwanza. Wao hawakuwepo, ila waliambiwa na waliokuwepo. Kule kwetu wazee wanasema jina la mji lilikuwa Mhamvwa, kijito. Hilo hutalipata kwa Schnee.

Fundi Ramani
Ukipata nauli shuka Nyaraka za Taifa, Dar. Omba vitabu vya wilaya, mabwana shauri walikuwa wakiandika humo koo, watemi, mipaka. Nao soma kwa jicho moja, walikuwa wanatafuta nani wa kukusanya kodi.

Mwalimu wa Zamu
Wakuu, nimeipata "Mpapua". Nimefuta ukurasa wa kwanza wote. Sasa unaanza na maji ya Chunyu. Kesho baada ya kipindi cha nne naenda huko kwa pikipiki na chupa tupu, niyaonje mwenyewe.

Mzee wa Gulwe
Beba na chupa iliyojaa.