Mjadala: Jumuiya ya mfuko mmoja, akiba yako uitoe yote?

MSHUMAA
Wadau, naomba mawazo yenu. Kuna jumuiya ya watu kama arobaini wanaoishi kwenye shamba moja. Ardhi ni ya wote, jiko ni moja, na kila mapato yanaingia mfuko mmoja. Nimewatembelea mara tatu, mara ya mwisho nikakaa wiki mbili, na wamenikubali. Lakini kuna sharti limenikwama kooni: baada ya mwaka wa majaribio nikabidhi akiba yangu yote, na nikiondoka sirudishiwi kitu. Akiba yenyewe nimeihangaikia miaka kumi na mmoja. Sijaoa, sina mtoto. Wale watu nimewapenda, sisemi uongo. Je, sharti hilo ni la haki?

NAHODHA
Si la haki, na usirudi huko. Wanaokimbilia maisha ya namna hiyo nawajua: ndoa zimewashinda, kazi zimewashinda, sasa wanatafuta pa kujificha. Mtu mzima hujenga kwake.

BI TAUSI
Nahodha, hilo la ndoa umemlenga nani? Ndoa yangu ilivunjika, na baadaye nikaishi miaka sita kwenye jumuiya kama hiyo na wanangu wawili. Sikujificha popote. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa zizini nakamua, nikirudi nakuta wanangu wameshaoga, wameshavaa, kwa sababu mwenye zamu ya watoto ameamka kabla yangu. Mama aliye peke yake na watoto wawili akaipate wapi nafuu hiyo? Wewe unayejenga kwako, watoto wako nani huwaamsha?

NAHODHA
Dada, sikukulenga wewe, sikujui. Ila umesema "nikaishi", hukusema "naishi". Kama ilikuwa nafuu, mbona uliondoka?

KALAMU NYEUSI
Na hiyo "zamu ya watoto" mimi inanitia hofu. Kwenye kibutsi, yale mashamba ya jumuiya ya Israeli, watoto walikuwa wakilala nyumba yao peke yao, mbali na wazazi. Walioyapitia hayo wengine wamekua wakubwa na bado yanawauma. Utaratibu wenyewe ulikufa wenyewe, wazazi walitaka kulala na watoto wao.

BI TAUSI
Kalamu, wanangu walilala kwangu kila usiku, usinibebeshe ya Israeli.

Nahodha, kilichoniondoa ni vyombo. Najua mtaona ni jambo dogo. Ukutani jikoni palibandikwa karatasi ya zamu, na penseli ilifungwa kwa uzi isipotee. Kila Jumamosi mtu anajiandika mwenyewe. Mwaka wa kwanza karatasi ilijaa kabla ya magharibi. Mwaka wa nne yalikuwa majina yale yale saba, mistari mingine mitupu. Siku moja nikakuta jina langu limeandikwa mara tatu, kwa mwandiko usio wangu. Nililia pale pale nikiwa nimeshika sufuria. Uchovu niliuzoea. Lililoniliza ni kwamba hakuna aliyethubutu kusema "fulani hafanyi kazi", kwa kuwa sote tuliitana ndugu. Undugu ule ulitufunga midomo.

KALAMU NYEUSI
Sasa hapo ndipo penye jibu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe lenyewe lihesabiwe. Kule Virginia, Marekani, kuna jumuiya inaitwa Twin Oaks. Ipo tangu miaka ya sitini, watu kama mia hivi. Kila mmoja anadaiwa saa arobaini na kitu za kazi kwa wiki, anajaza karatasi yake, na wapo mpaka leo. Hawategemei mtu aone haya.

MWALIMU MSTAAFU
Ni saa 42, na ilianza 1967. Lakini umeruka jambo kubwa: kupika, kuosha vyombo na kulea watoto vyote vinaingia kwenye hizo saa, sawa na kazi inayoleta fedha. Bi Tausi angekuwa kule, masufuria yake yangeandikwa. Tena, Mshumaa, hao hawamwambii mtu amwage mali aliyokuja nayo. Inabaki yake, ila haitumii kwa muda wote akiwa mwanachama. Kwa hiyo ukiambiwa jumuiya haiwezi kusimama bila kuchukua akiba yako yote, jua wapo waliosimama.

TETESI
Mnazunguka mbali wakati haya tulishayaona nyumbani. Si ndio ujamaa? Watu walikusanywa vijijini, wakaambiwa kila kitu chetu sote, mwisho wake njaa na maneno matupu. Mshumaa, muulize mzee yeyote.

MWALIMU MSTAAFU
Mzee yeyote ni mimi, na hilo sikubali. Unachanganya vitu viwili. Litowa, kule Ruvuma, vijana walijikusanya wenyewe mwanzoni mwa miaka ya sitini, kabla hata ya Azimio la Arusha la 1967. Walilima pamoja, wakawa na shule yao, vijiji vingine vikaja kujifunza kwao mpaka wakawa na chama chao cha maendeleo. Chama kile hakikufa kwa uvivu. Kilivunjwa kwa amri kutoka juu, 1969. Hayo ya kukusanywa yalikuja baadaye, kuanzia 1973, kuhamia vijijini kukawa lazima. Aliyekwenda kwa miguu yake na aliyepakiwa kwenye lori hawana historia moja.

TETESI
Mwalimu, shikamoo, lakini mimi usinifundishe habari ya lori. Nyumba ya babu yangu ilichomwa moto ili asirudi. Alikuwa amepanda miti kuizunguka. Alikufa akiitaja miti ile kwa majina, mmoja mmoja. Kwa hiyo mtu akiniambia "mali ya wote" mimi nanusa moshi.

NAHODHA
Tetesi, pole sana ndugu yangu.

MPITA NJIA
Poleni nyote. Nimesoma toka juu, na swali la Mshumaa limeachwa njiani. Kaka, tatizo lako liko kwenye kutoka, wala haliko kwenye kuingia. Huko nyuma Marekani palikuwa na jumuiya ya Wajerumani, Harmony Society, kiongozi wao George Rapp. Walikuwa na daftari lililoandika kila familia ilileta nini. Mwaka 1818 wakakubaliana, wakalichoma. Waliona ni tendo la upendo, na huenda lilikuwa hivyo siku ile. 1832 theluthi moja hivi ya watu wakataka kuondoka, wakalipwa jumla ya dola 105,000. Hebu fikiria kugawana bila daftari! Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na usidhani mahakama itakuokoa. Kanada, Wahutterite (Wakristo wanaoishi kwa mali ya pamoja) waliofukuzwa kwenye koloni lao, yaani kijiji chao, kule Manitoba kwa kubadili imani walidai mgao wao. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na 1970 wakashindwa. Walikuwa wamelima pale maisha yao. Wakatoka mikono mitupu, kwa sababu masharti ya kujiunga yalisema hivyo na wao waliyakubali.

KALAMU NYEUSI
Hata kibutsi ya kwanza kabisa, Degania ya 1910, mwaka 2007 ilipiga kura watu walipwe kulingana na kazi. Mfuko mmoja hauwezi.

BI TAUSI
Miaka tisini na saba hauwezi? Wewe una jambo gani ulilolishikilia miaka tisini na saba?

MSHUMAA
Nashukuru wote. Lakini Nahodha, lile la "mtu mzima hujenga kwake" limeniuma. Nimepanga chumba kimoja miaka minane. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta simjui jina. Mwaka juzi niliugua siku nne, aliyegonga mlango wangu ni mdai kodi. Kule kwenye shamba, siku ya pili tu nilikohoa usiku, asubuhi watu watatu wakaniuliza nimeamkaje. Hicho ndicho ninachotaka kununua kwa akiba yangu. Bi Tausi, samahani kukuuliza: ulipoondoka ulipewa nini?

BI TAUSI
Masanduku mawili na nauli. Nilikuwa nimeingiza fedha ya kiwanja nilichouza. Sikudai, niliona aibu kuwadai watu waliomuuguza mwanangu. Mdogo bado huenda kule kila likizo na wanampokea kama wao. Kwa hiyo usiniulize kama najuta, jibu hubadilika kila wiki. Ila ningepewa hata nusu ya kiwanja kile, ningeanza upya bila kulala sebuleni kwa dada yangu miezi minane.

MSHUMAA
Basi Jumamosi nakwenda. Nitaomba iandikwe nimeleta nini, na kwamba nikitoka ndani ya miaka mitano nirudishiwe sehemu, hata kidogo kidogo. Wakikataa kuandika, sitatia sahihi. Nitasikitika sana, lakini sitatia sahihi.

NAHODHA
Hapo nakuunga mkono. Na lile neno langu la mwanzo nalirudisha.

TETESI
Mwalimu, hujanijibu la nyumba.

MWALIMU MSTAAFU
La nyumba sina jibu, mwanangu. Mzee wako alidhulumiwa. Lakini Litowa sitakubali itiwe kwenye kapu hilo, kwa sababu nao walinyang'anywa.