Mrejesho: mayai ya majini na sosi ya holandezi

Wakuu, niliuliza hapa Kigoma nitapata wapi mayai yaliyoivishwa majini bila ganda, na sosi ya holandezi (sosi nzito ya viini vya mayai na siagi), nimpe mke wangu. Mgahawa sikupata, nimepika mwenyewe. Asanteni sana mlionielekeza.

Siri ni yai bichi la leo. Ya dukani yalitawanyika majini kama uji, lakini ya kienyeji niliyochukua Ujiji asubuhi ileile yalijikunja vizuri. Maji yatokote polepole, siki kidogo, dakika 3, unaopoa.

Sosi ndiyo ilinitoa jasho. Mara ya kwanza jiko la mkaa liliwaka mno, viini vikagandamana. Nikapunguza mkaa, nikaweka bakuli juu ya sufuria ya maji moto bila kugusa maji, nikapiga viini 3 na maji ya ndimu huku nikimimina siagi iliyoyeyushwa, gramu 150, tone kwa tone mwanzoni. Ilipokuwa nzito mno, kijiko cha maji vuguvugu kikailainisha.

Niliweka juu ya chapati. Mke wangu alipokata yai, kiini kikatiririka, akaniuliza kama yamebaki mengine. Jumapili napika tena.