Ndege imenyofoa mkanda wa begi langu la mlimani, wananiambia "uchakavu wa kawaida". Uchakavu unapinda alumini?

Wakuu, heshima kwenu.

Nimekaa siku tatu nikisubiri hasira ziishe ndipo niandike. Haziishi. Acha niandike nazo hivyo hivyo, mnivumilie.

Mimi ni mtu wa mlima. Nilianza kama mgumu Kilimanjaro, nabeba mahema na ndoo za watu, sasa naongoza wageni. Mwaka huu nikasema na mimi niwe mgeni mahali. Tukajichanga wanne, tukakata tiketi kwenda Afrika Kusini kutembea milima ya Drakensberg: unapandia upande wa kilele cha Sentinel kwenye zile ngazi za minyororo, halafu siku tano juu ukingoni. Kule hakuna wagumu. Hema, chakula, jiko, vyote mgongoni kwako. (Mitungi ya gesi usithubutu kupanda nayo ndege, hairuhusiwi mkononi wala kwenye mzigo. Unanunua huko huko.)

Begi langu ni la lita 65. Mgeni mmoja Mjerumani aliniachia mwaka 2017 tulipokuwa tunaagana getini Mweka. Limefika Uhuru mara nyingi kuliko ninavyokumbuka, limelala kwenye barafu, limevutwa kwenye mawe ya Barranco. Halijawahi kuachia mshono.

Sasa sikilizeni. Kaunta ya kukabidhi mizigo, dada akalipima, kilo 17. Nikamwambia kwa adabu kabisa: dada yangu, hili lina mikanda, naomba liwekwe kwenye beseni au lipelekwe kule inakopita mizigo isiyo ya kawaida. Akajibu beseni zimeisha. Akabandika stika, akaning'iniza tegi nyingine, akanisogezea kalamu: "Saini hapa kaka." Foleni nyuma wameanza kusonya. Nikasaini. Nimekuja kuisoma vizuri baadaye, kilichotiwa tiki ni kwamba mzigo haukufungashwa ipasavyo! Yaani mimi ndiye nimeomba mzigo ulindwe, halafu mimi huyo huyo nikasainishwa kwamba ukiharibika ni juu yangu.

Na sikulitupa tu pale. Mikanda ya mabegani niliivuta ikabana mpaka mwisho. Ule wa kiunoni niliuzungusha ukakumbatia begi kwa mbele, nikafunga klipu, ncha zote nikazichomeka ndani. Fimbo zilikuwa katikati ya nguo. Juu nikalivika kava la mvua. Hapo kwenye kava nakiri kosa, lile ni la mvua, halikutengenezwa kwa mashine. Lastiki ikiguswa na roli linavuliwa kama ganda la ndizi. Sikuliona tena.

Johannesburg begi likatokea limelala kifudifudi. Nilijua kabla sijaligusa. Mkanda wa kiunoni upande wa kushoto unaning'inia kwa nyuzi mbili tatu, klipu haipo, na ubao wa alumini wa mgongoni umepinda kama upinde. Mkanda wa mashine umekula mkanda wa begi. Ukichomoka kidogo tu unaingia kati ya roli pale mizigo inapokata kona, na mashine haina huruma, inavuta tu. Au basi kuna mtu kashika kilichokuwa karibu na mkono wake akarusha, kilo 17 zote zikaning'inia kwenye mshono mmoja.

Najua kuna mtu atasema "si mkanda tu mkuu". Mkanda wa kiunoni ndio unaotoa uzito mabegani na kuuweka kwenye nyonga. Bila huo hubebi begi, begi linakuning'inia. Nilifunga kamba ya hema kiunoni, siku ya pili ikawa imenichuna ngozi pande zote mbili. Na kwenye ngazi za Sentinel, umeshika vyuma, chini korongo, begi linakuvuta nyuma kama mtoto anayelilia kurudi nyumbani. Mimi, mtu wa miaka kumi na mbili mlimani, nilitetemeka miguu.

Lakini kilichonifanya nifungue uzi huu ni dawati la malalamiko. Kijana mpole, anatabasamu: "Mikanda, magurudumu na vishikio havimo kwenye dhamana yetu, ni uchakavu wa kawaida." Nikamwonyesha alumini. Akasema naomba risiti ya begi. Risiti ya zawadi niliyopewa Mweka naitoa wapi? Akaona sibanduki, akaja na la mwisho: "Ukifika nyumbani tuandikie barua pepe, watakushughulikia."

Wakuu, huo ndio mtego. Safari za kimataifa za namna hii zinaongozwa na Mkataba wa Montreal wa 1999, na Tanzania imo. Mzigo uliokabidhiwa ukiharibika mikononi mwao wanawajibika, isipokuwa pale uharibifu ulipotokana na ubovu wa mzigo wenyewe. Lakini lazima ulalamike kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu uupokee. Zikipita, umefunga mlango mwenyewe. Sasa piga hesabu yangu: siku tano mlimani, siku ya kwenda, siku ya kushuka, siku ya ndege. Ningemsikiliza yule kijana mpaka "ukifika nyumbani", ningekuwa nimeisha. Na usishangae mtu wa dawati kuwa na haraka ya kukuaga, maana ukiondoka na begi bila kulalamika, sheria inalichukulia kuwa ulilipokea zima, labda uthibitishe vinginevyo.

Nikavuta kiti nikakaa. Nikamwambia sitoki bila fomu ya PIR, ile ripoti ya mzigo ulioharibika au kupotea. Dakika arobaini baadaye fomu ikapatikana, kumbe ilikuwa kwenye droo yake mwenyewe. Usiku ule ule nikatuma barua pepe na picha, pamoja na picha niliyopiga nyumbani asubuhi ya safari begi likiwa zima. Hiyo picha ya kabla msiidharau.

Majibu yamekuja wiki hii: wamesikitika sana, na wamenipa vocha ya punguzo kwenye safari ijayo. Punguzo! Niwarudie tena, niwalipe tena, wamalizie mkanda wa kulia. Na kwenye barua wamerudia ule wimbo wa mikanda na magurudumu, wakati mkataba huo huo unasema sharti lolote la kujivua wajibu au kushusha kiwango cha fidia ni batili. Kiwango chenyewe tangu 28 Desemba 2024 kinafika SDR 1,519 kwa abiria (SDR ni kipimo cha thamani ya fedha cha IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa), kama dola 2,000 hivi. Mimi sijaomba hata robo yake.

Wale wa "ungefunga nailoni": uwanjani wanakuzungushia kwa hela nyingi, halafu wakaguzi wakitaka kuona ndani wanachana kwa kisu na vipande vinabaki vinapepea, navyo vinanasa vile vile. Kurudi nilifanya nilichotakiwa kufanya tangu mwanzo. Nilinunua shangazi kaja mtaani, nikalitumbukiza begi zima humo, zipu nikaishona kwa shazia na uzi mnene maana zipu za shangazi kaja mnazijua, juu nikapiga kamba mbili. Limefika bila mkwaruzo. Na kinachoniuma ni kwamba sisi wagumu ndivyo tunavyofanya siku zote, begi la mgeni linaingia kwenye kiroba kwanza ndipo linapanda kichwani. Nimefundisha vijana wangapi hilo! Mganga hajigangi.

Maswali yangu mawili. Kuna mtu humu aliyekataa vocha akalipwa pesa? Alipitia wapi, mahakamani au mamlaka ya usafiri wa anga? Najua nina miaka miwili ya kushitaki, lakini sitaki kulala kwenye hilo.

La pili ni kwa watu wa Moshi. Fundi wa pale soko la Memorial amekubali kurudishia mkanda na kutafuta klipu kwenye mabegi ya mtumba. Alumini ameitazama, akaigeuza, akanirudishia. Nani ana begi bovu la lita 60 na kitu ambalo ubao wake bado umenyooka? Nanunua, jumatatu napandisha wageni Machame.

NYONGEZA: Mnaoniuliza jina la shirika, sitaji hadi nimalizane nao. Tegi niliyosainishwa ninayo, nimeihifadhi kwenye bahasha pamoja na ile vocha.