AC nne mashine moja ya nje, usiku vyumba vinagoma kupoza, Home Assistant inasema zote zimo kwenye "cool"

MtuWaJambiani
Asalaam alaykum wana jamvi. Nna gesti ndogo huku Jambiani, vyumba vinne, nimefunga AC za mfumo mmoja, yaani mashine moja ya nje na nne za ndani, zile zinazoweza kupoza na kutia joto. Nkaweka Home Assistant, ile programu ya kuendeshea vifaa vya nyumbani, kwenye kikompyuta kidogo cha Raspberry Pi, kila chumba nkabandika kile kidude kinachorusha mionzi kama rimoti ili niziendeshe kwa simu. Otomesheni zangu tatu tu, saa 12 jioni zote ziwake 24, dirisha likikaa wazi dakika 5 AC izime, na mgeni akitoka izime.

Sasa juzi saa nane usiku mgeni wa chumba namba 3 kaja kunigongea, AC inawaka, taa inamemeteka, baridi hakuna. Kwenye simu naona cool 23, kila kitu kizuri. Namba 1 nako nakuta upepo unatoka vuguvugu kabisa, mkono nimeweka mwenyewe. Nkazima breka nkawasha, zikaenda vizuri kama dakika kumi hivi halafu ikarudia yale yale. Fundi kaja kasema gesi pungufu, kajaza, kaondoka, usiku ule ule tatizo likarudi. Wallahi inaniumiza, mgeni kalipa pesa yake alale. Ni otomesheni zangu au mashine?

bi_mkunazini
Waalaykum salaam kaka. Gesi achana nayo kwanza, namba 1 nenda kaangalie rimoti ya mgeni imekaa kwenye nini, mie naamini utaikuta "auto".

Yalinikuta haya haya nyumbani Mji Mkongwe mwaka jana wakati kama huu. Hichi ni kipupwe, chumba usiku kinashuka mpaka 23 na chini yake. Mgeni kaona baridi kaweka auto 27, AC ikapima ikaona chumba kiko chini ya 27 basi ikaanza kutia joto. Na mashine yako ya nje kompresa moja, gesi inazunguka upande mmoja kwa wakati mmoja, haiwezi kupoza namba 3 huku inatia joto namba 1. Aliyewahi kuwasha ndo anayewapangia wenzake, anayetaka kinyume anawekwa kusubiri na ile taa kumemeteka ndo maana yake. Zipo mashine za mahotelini za bomba tatu zinaweza yote mawili lakini hizi zetu hapana. Ndo maana ulipozima breka zikapona kidogo, hesabu ilianza upya tu.

Tatizo la pili ni hicho kidude cha mionzi. Kinasema, hakisikii. Mgeni akibonyeza rimoti yake Home Assistant haina khabari, inakuonesha amri ya mwisho uliyotuma wewe, sio AC inafanya nini. Mie nlivitoa vyote. AC zangu za Mitsubishi Electric ndani zina tundu dogo la pini tano limeandikwa CN105, unachomeka ESP32, kibodi kidogo chenye wifi, ukishakitia programu ya ESPHome inayokiunganisha na Home Assistant, inaongea na AC yenyewe kwa waya na inajibiwa. Daikin nyingi wana tundu lao linaitwa S21. Zima breka kabla hujafungua kifuniko, na lile tundu ni la volti 5 wakati ESP32 inataka 3.3 kwa hivyo weka kile kibodi cha kubadilishia volti katikati. Baada ya hapo nkaandika otomesheni moja, chumba chochote kikionekana heat au auto, subiri sekunde 20, rudisha cool. Mpaka leo hakuna aliyegoma.

fundi_baridi_fuoni
Bi mkubwa kasema kweli tupu, ila hiyo otomesheni ya kurudisha rudisha ni ya ziada. Mashine nyingi za nje za mfumo huu ndani ya bodi yake zina swichi ndogo za kufungia njia, unaifunga kwenye kupoza tu, basi mgeni abonyeze anachotaka joto halitoki. Tafuta kitabu cha ufungaji cha modeli yako uone swichi gani, umeme uwe umezimwa. Sisi huku joto la AC tunalitaka la nini, kila ninaefunga naifunga hivyo siku ya kwanza. Huyo aliyekujazia gesi bila kupima presha kakukosea sana.

Halafu hiyo ya mgeni akitoka zima, iondoe. Kompresa ile imepangiwa vyumba vinne, ikibaki kuhudumia kimoja kidogo haiwezi kushuka chini ya kiwango chake, inawaka inazima inawaka inazima, chumba kinakuwa baridi lakini shuka zina unyevu kama zimetoka kuanuliwa mvuani. Akitoka ipandishe 27, isizime. Na hapo Jambiani ulipo mkabala na bahari ile mashine ya nje ioshwe kwa maji baridi ya bomba mara kwa mara, chumvi inakula zile bati nyembamba za nyuma mpaka zinamomonyoka mkononi.

mkoani_tu
Yakhe na umeme jee? Sie Pemba tangu waya wa baharini kutoka Tanga ulipofika 2010 si kama enzi za majenereta, lakini ukikatika ukarudi unarudi kwa kurukaruka. Raspberry yangu kadi ya memori ilikufa mara mbili kwa sababu hiyo, sasa nimeiweka kwenye UPS ndogo, ile betri inayoshikilia umeme ukikatika, pamoja na rauta. Na nimeiambia umeme ukirudi isiguse AC yoyote mpaka dakika 10 zipite.

MtuWaJambiani
Bi mkunazini Mungu akuzidishie, rimoti ya namba 1 nlikuta auto 28. Yule mgeni mama mtu mzima, anasema kaona alama ya duara akajua ndo ya kawaida.

Jana nimefungua mashine ya nje na kijana anaejua umeme, swichi tumeiona kwenye kitabu ukurasa wa mwisho kabisa, tukafunga kwenye kupoza. Nkajaribu makusudi, namba 1 nkaweka heat 30, ikamemeteka yenyewe na namba 3 ikaendelea kupoza kama kawaida. Otomesheni ya kuzima nimeitoa nimeweka 27. ESP32 nimeagiza nne, zikifika ntauliza ile ya volti maana hapo bado sijafahamu vizuri.

bi_mkunazini
Zikifika nipigie picha bodi yako kabla hujachomeka kitu, ntakuonesha pini ipi na ipi.