Maonesho ya magari ya Tokyo: mliowahi kufika, tupeane uzoefu

Kijana wa Ubungo: Wakubwa shikamooni. Jana nimekwama kwenye foleni saa nzima, na magari yaliyonizunguka karibu yote ya Mjapani. Nikakumbuka kwamba maonesho yao ya kwanza, mwaka 1954, yalifanyika kwenye bustani ya Hibiya, Tokyo. Vyombo 267 vililetwa, na magari ya kutembelea yalikuwa 17 tu! Kwa siku 10 watu zaidi ya 500,000 walimiminika kutazama, wengi wao hata baiskeli ya pili hawana. Kuna aliyefika huko? Leteni visa.

Baharia Mstaafu: Marahaba mjukuu. Nilifika 1987, yalipokuwa bado Harumi, kule kwenye magati ya Tokyo. Meli yetu inapakua, tukapewa ruhusa ya siku moja, nikaenda na mwenzangu wa Pangani. Watu! Kariakoo mkesha wa Idi haioni ndani. Kilichonikaa kichwani ni kigari cha Nissan kinaitwa Pao: kipya kabisa, lakini kimeundwa kizamani makusudi, bawaba za milango ziko nje kama za kabati la bibi. Mwenzangu akauliza, "Hawa wameishiwa?" Nilirudi na furushi la vipeperushi vya picha, wanangu wakajalidia madaftari. Mwalimu alikusanya madaftari kusahihisha, mawili yakarudi bila majalada.

Mama Wawili: Shikamoo baba, umenichekesha. Mimi 1995 nilikuwa nasoma Chiba, na ukumbi wa Makuhari Messe, maonesho yalikohamia 1989, haukuwa mbali na kwangu. Prius, ile Toyota ya petroli na umeme pamoja, iliwekwa pale kama gari la mfano tu, haikuuzwa mpaka Desemba 1997. Mwenyeji wangu akanieleza kwa fahari kwamba ukisimama kwenye taa injini inajizima yenyewe. Nikamwambia kwetu hayo tunayo siku nyingi, ikizima abiria wanashuka kusukuma. Leo naendesha Prius, ya mtumba, na mwaka juzi betri kubwa ilinimaliza mfukoni. Sichekeshi tena.

Fundi wa Gerezani: Sijafika hata Nairobi, ila magari ya huko yananifuata mwenyewe. RAV4 waliionesha kama mfano 1989, ikaingia sokoni 1994, mimi nikaanza kuipokea gereji 2000 na kitu. Nyinyi mnayaona yakizungushwa jukwaani yanang'aa. Mimi naonana nayo nikiwa uvunguni, bushi zimekwisha, shokapu zinavuja.

Mtu wa Nakuru: Fundi, sisi Kenya sheria hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8. Kwa hivyo tunayaona mapema kidogo. Na bei pia tunaiona mapema.

Mbongo Yokohama: Nimeenda 2023, pale ukumbi wa Tokyo Big Sight. Ya 2021 yalifutwa kabisa kwa ajili ya korona, yaliporudi yakaja na jina jipya, Japan Mobility Show. Magari ya umeme kila kona, mazuri, sikatai. Lakini nilisimama muda mrefu kwenye pikapu moja ya Toyota, IMV 0: kichwa na chesi, nyuma bapa, mwenyewe unafunga bodi unayotaka. Nikamtumia picha kaka yangu Mbeya. Hakuuliza injini wala bei. "Inabeba gunia ngapi za viazi?"

Fundi wa Gerezani: Muulizie na hili: spea zake zinaingiliana na Hilux?